Jicho la Mia

Ukilitikisa kopo la Cansilde, lilikuwa linacheka. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na wateja wa meza yake ya sambaza pale sokoni Gisenyi walishazoea. Anawakaanga wale samaki wadogo wa ziwani, anapima, anapokea pesa, halafu ghafla mkono unasimama hewani, kichwa kinainama, na mwanamke mzima wa miaka hamsini na nane, mjane wa heshima, mwanakwaya wa misa ya kwanza, anaanza kutetemeka mabega kwa furaha kama msichana aliyepata barua.

Kilichomfurahisha ni kiceri kibovu, yaani sarafu iliyoharibika.

Viceri vizima alivitia mfukoni, vikaenda zao kama viceri vya watu wengine. Ndani ya kopo walikaa wale waliokutana na makubwa duniani. Kulikuwa na hamsini iliyokunjwa pembe tatu, akaiita Sambusa. Kulikuwa na ishirini yenye tundu la msumari na alama ya uzi, ambayo lazima iliwahi kuvaliwa shingoni. Huyo aliitwa Bibi Arusi. Kumi iliyopitiwa na lori mpaka ikawa nyembamba kama jani, haiwezi kusimama wima hata ukiiegemeza, ilikuwa Mulevi. Na kulikuwa na hamsini nyingine yenye alama za meno. Meno ya nani, hakuna ajuaye, ila Cansilde, ambaye huwaangalia watu vizuri wanapocheka, alikuwa na majina matatu moyoni na hakumwambia mtu.

Alikuwa na sheria yake, na aliishika kama anavyoishika Kwaresima. Kiceri kibovu hakinunuliwi, hakiombwi, hakiharibiwi makusudi. Lazima kije chenyewe ndani ya malipo au chenji, kama mgeni asiyetuma habari. Vijana wa sokoni walishajaribu kumletea vilivyopondwa kwa nyundo. Akawarudishia na kuwauliza kama mama zao wana habari. Na kila alipotia kimoja ndani ya kopo, Jumapili aliweka kizima cha thamani ileile katika kikapu cha sadaka, juu ya sadaka yake ya kawaida, ili siku ya mwisho asije akaulizwa kwa nini aliziachisha kazi pesa za watu.

Mkubwa wa kopo lote alikuwa Kipofu. Mia ya Rwanda ina rangi mbili: kipande cha katikati kimebanwa ndani ya pete ya nje. Kipofu alikuwa pete tupu. Alimjia miaka mitatu iliyopita katika chenji ya pikipiki ya abiria, kati ya viceri vingine viwili, na Cansilde alipomweka kiganjani aliona ngozi yake mwenyewe pale palipopaswa kuwa na pesa. Siku hiyo alicheka mpaka sambaza wakaungua. Lakini tangu siku hiyo pia hakutulia. Kama pete ipo, jicho lake nalo lipo. Halikuyeyuka. Liko mfukoni mwa mtu, chini ya kitanda cha mtu, ndani ya duka fulani linangoja. Miaka mitatu aliangalia kila kiganja kilichofunguka mbele yake. Aliliombea hata rozari, kwa aibu kidogo, mwishoni kabisa, baada ya wagonjwa na wasafiri.

Hapo ndipo Cedric, mwanawe wa mwisho, alipompenda Belyse wa Nyamyumba.

Cedric alikuwa karani wa mizigo mpakani, kijana wa shati lililopigwa pasi, na siku mbili kabla ya Jumamosi ya kwenda kumuomba msichana rasmi alikaa mbele ya mama yake na uso wa mtu anayepeleka hesabu kwa mkubwa.

“Mama, samedi nakuomba kitu moja tu.”

“Sema.”

“Mambo ya viceri, hapana.”

“Mi nilisema nini?”

“Haujasema. Njo maana nasema mbele. Ile kopo ibakie ku nyumba.”

“Itabakia.”

“Na usiangalie batu mu mikono.”

“Basi nifunge macho, nishikwe mukono kama muzee?”

“Mama. Ku matanga ya mwaka jana ulicheka.”

Hilo lilikuwa kweli. Katikati ya matanga muuza maji alimrudishia chenji yenye kiceri kilichopinda kama mdomo wa bata, na Cansilde akacheka mbele ya jeneza. Aliungama Jumamosi iliyofuata. Kiceri alibaki nacho.

“Bon,” alisema. “Sitataja kiceri mbele ya bakwe yako. Nimeahidi.”

Jioni ileile akaja Karangwa. Huyu alikuwa binamu wa marehemu Théoneste, mume wa Cansilde. Alikulia Kigoma na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kama suruali yake, na ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wao. Kila kitu kilishakubaliwa kwa simu, ng'ombe na tarehe, lakini siku ya kuomba msichana ni lazima pande mbili zikae zikitazamana kama vile hazijawahi kuonana, upande mmoja uombe, mwingine ukatae, mpaka maneno yaishe utamu. Ni mchezo. Ila mchezo wenyewe watu wanauchukulia kwa uzito kuliko kazi, na aliyeuharibu anasemwa mpaka wajukuu.

“Bizumuremyi ndiye atakayesema kwa upande wao,” Karangwa alieleza. “Baba mdogo wa binti. Ana duka, na watu huenda kununua chumvi wakarudi na hotuba. Akituzidi kabisa, mimi nitavua kofia. Nikivua kofia, shemeji, wewe utasimama. Mama wa kijana akisimama, sisi sote tunasimama na vitu vyetu, tunaelekea barabarani kama watu waliochoka kudharauliwa. Hapo watatushika mikono, na ukali utapungua.”

“Na wakituacha tuende?”

“Hawawezi. Watakuwa wameshapika.”

Jumamosi Cansilde alivaa vazi lake la sherehe, mushanana wa rangi ya maziwa, akaufunga vizuri begani, na kopo likabaki juu ya kabati. Cedric alipita kuhakikisha, akalitikisa, likacheka, akaridhika. Hakuuliza kuhusu leso. Katika pembe ya leso ya mama yake, pamoja na rozari, Kipofu alikuwa amefungwa mafundo mawili. Cedric alikataza kopo; Kipofu hakutajwa.

Turubai lilisimamishwa Nyamyumba, juu kidogo ya ziwa, viti vya upande huu na viti vya upande ule, na katikati njia ya kutosha ng'ombe mmoja ambaye hakuwepo ila kwa maneno. Nusu ya wageni walikuwa wamevuka kutoka Goma, kwa hiyo hotuba zilikwenda kwa Kiswahili, Kinyarwanda kikiingia pale watu walipotaka kucheka zaidi. Makreti ya bia na Fanta waliyoyaleta akina Cedric yalipangwa mlangoni, hayajapokelewa bado. Belyse mwenyewe alikuwa amefichwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu msichana haonekani mpaka atolewe.

Bizumuremyi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Kwanza alisema hakuna Belyse katika nyumba hii. Halafu akasema yupo lakini ana miaka sita. Halafu akasema ameshaingia utawa, na kama wanataka, waende wamuombe kwa Mama Mkubwa wa watawa. Karangwa alijibu yote kwa heshima, kofia kichwani, na kila jibu lilipigiwa makofi. Cansilde alikaa mbele kati ya wanawake, mikono mapajani, hakutazama kiganja cha mtu. Kando yake alikaa Immy, jirani yake aliyerudi kutoka Uganda, ambaye viatu vilikuwa vimembana akavivua chini ya kiti.

“Umetulia kama picha ya kanisani,” Immy alimnong'oneza.

“Niliahidi.”

Mambo yalikuwa mazuri. Kila mtu aliona Bizumuremyi amebakiza hatua moja tu akubali. Sauti yake ilishuka, akawa mpole, akaingiza vidole viwili katika mfuko wa shati.

“Muzee Karangwa, angalia hii.” Aliinua kitu kidogo cha duara, kikang'aa. “Mutu mumoja alinilipa nayo ku duka, mu giza, nikazani ni mia. Asubui naona iko katikati ya mia, peke yake, pembeni yote imepotea. Nikaiweka mu mufuko. Kila siku naiangalia, naona Belyse. Yeye njo katikati ya hii nyumba. Mukimutoa, sisi tunabakia...”

Alichotaka kusema ni kwamba wangebaki na tundu linalopita upepo, lakini msichana hazaliwi ili abanwe na baba zake, basi mchukueni. Alikuwa amekiandaa wiki nzima. Hakukimaliza.

Cansilde alikuwa amesimama.

Hakujua kwamba amesimama. Aliona jicho. Aliliona kutoka mita kumi, lilivyokaa kati ya vidole vya yule mtu, na miguu yake ikajifanyia uamuzi.

Nyuma yake, watu arobaini wakasimama.

Walikuwa wamefundishwa vizuri. Wazee waliokota fimbo. Wanawake walikusanya vikapu vyao vya zawadi na kuviweka kichwani. Immy alitafuta viatu kwa vidole vya miguu, akavikosa, akasimama pekupeku na uso wa hasira wa kuazima. Vijana wanne walinyanyua makreti na kuanza kutoka nayo, chupa zikigongana, na mjomba mmoja mzee kutoka Cyanzarwe, ambaye alikuwa ameulizia sehemu hii tangu asubuhi, alishatangulia barabarani akilalamika kwa sauti kwamba hajawahi kutukanwa namna hiyo tangu azaliwe.

Upande wa pili walibaki midomo wazi. Mama wa Belyse alishika kichwa. Jikoni mtu aliangusha sufuria.

“Tumesema nini?” Bizumuremyi aliuliza, mkono bado juu. “Si nilikuwa nataka kuwapa?”

Karangwa aligusa kofia yake. Ilikuwa kichwani. Akaigusa tena.

“Shemeji,” alisema bila kufungua meno, “kofia haijavuliwa.”

“Naiona.”

“Sasa umesimama kwa nini?”

Cansilde alikuwa bado analitazama jicho. Karangwa, mtu wa kazi, aligeukia wenyeji na kujaza kifua hewa. “Mnauliza mmesema nini? Mama wa kijana amesimama. Mama hasimami bure. Moyo wake umejeruhiwa, na sisi hatuwezi kukaa mahali ambapo moyo wa mama yetu...”

“Mama Cedric,” Bizumuremyi alimkatiza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mfupi kabisa. “Ni kweli? Tumekukosea wapi?”

Cansilde alimwona Cedric katika suti yake, macho yamemtoka, midomo ikisema neno moja bila sauti, tafadhali. Angeweza kusema chochote. Angesema kizunguzungu, angesema jua. Lakini miaka hamsini na nane alikuwa amejifunza kunyamaza vizuri sana, na hakuwa amejifunza kudanganya.

“Hamujanikosea,” alisema. “Ila siwezi kutaja. Niliahidi mutoto yangu.”

“Usitaje nini?”

Akainua kidole, akakielekeza kwenye mkono wa Bizumuremyi. Yule mtu aliutazama mkono wake mbele, akautazama nyuma, akanusa hata kiganja. Kisha akaelewa, akainua kile kipande kidogo juu zaidi.

“Hii?”

Cedric alifunika uso. Kutoka nyuma ya mikono yake ikatoka sauti ya mtu aliyesalimu amri. “Mama, sema tu.”

Basi Cansilde alifungua leso. Fundo la kwanza, fundo la pili, watu wakinyoosha shingo. Akamtoa Kipofu, akampandisha mpaka kwenye jicho lake la kuume, na akamtazama Bizumuremyi kupitia tundu.

“Huyu ni kipofu miaka tatu,” alisema. “Na wewe iko na jicho yake mu mufuko ya shati.”

Aliyeanza ni Immy. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukirudisha, kikakataa. Halafu mama wa Belyse, aliyekuwa bado ameshika kichwa, akaanza kukitikisa. Halafu wote. Watu wa Goma walikuwa wanapigana mabega. Karangwa alivua kofia ili ajipepee, na kwa kuwa kofia ilikuwa imevuliwa, wawili au watatu waliokuwa wameshaketi walisimama tena. Barabarani yule mjomba wa Cyanzarwe alikuwa bado anatukanwa peke yake; ikabidi atumwe kijana wa kumrudisha, na makreti nayo yakarudi.

“Kumbe ni hii tu?” Bizumuremyi alikuwa anafuta machozi. “Mama, chukua. Nakupatia.”

“Siwezi.”

“Namna gani hauwezi?”

“Sipokei kwa kupewa. Inapashwa ije yenyewe, mu malipo ao mu chenji.”

“Basi uiuze,” alisema mtu nyuma.

“Hainunuliwi,” alisema Cedric kwa huzuni, kwa maana aliijua sheria hiyo tangu utotoni.

“Aikope, halafu asahau kurudisha,” alisema Immy.

“Huo ni wizi wenye adabu,” Karangwa alimjibu. “Kwani haiwezi kuangushwa, yeye akaiokota?”

Wakaanza kubishana pande zote mbili, wazee kwa wazee, kama wanagawa shamba. Mzee mmoja wa upande wa Belyse alitaka kujua kama kiceri kilichotumiwa katika hotuba bado ni pesa au kimekuwa neno. Mwingine akasema sheria ya mwanamke huyu ni ngumu kuliko ya forodha. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna msichana anaombwa, isipokuwa yule kijana wa suti, na nyuma ya pazia, msichana mwenyewe.

Bizumuremyi alikuwa hasemi. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hatari. Alizunguka nafasi ya katikati mara moja, mikono nyuma, akarudi.

“Munyamaze. Hawa bageni wamesimama mbele ya wakati. Wametushitua, mama ya mutoto karibu aanguke, sufuria ya mchele imemwagika. Iko faini.”

“Ni haki,” alikiri Karangwa. “Kiasi gani?”

“Elfu moja na mia tisa.”

“Faini gani hiyo yenye mkia? Faini ni elfu moja, au ni elfu mbili.”

“Iko elfu moja na mia tisa, Muzee. Na anayelipa ni yeye aliyesimama. Na mi sipokei kiceri leo, napokea noti.”

Karangwa alikuwa bado anakunja paji la uso. Cansilde alishaelewa. Mabega yalianza taratibu, kisha yakashika kasi, na mushanana ukamteleza begani akauachia. Alitoa kimkoba, akatoa noti ya elfu mbili, akaipeleka mwenyewe katikati kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Bizumuremyi aliipokea, akaiinua kuelekea jua kuona kama ni ya kweli, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Halafu akajipapasa suruali. Akajipapasa koti. Akatafuta hata ndani ya soksi.

“Chenji,” alisema, “ni mia.”

Na akaweka jicho kiganjani mwa Cansilde.

“Hiyo si mia kamili,” Karangwa alianza. “Shemeji, kataa. Mwambie akupe...”

“Shemeji, nyamaza,” alisema Cansilde, na siku hiyo yote ilikuwa mara pekee mtu kumwambia Karangwa hivyo.

Alilishika jicho kwa vidole viwili na Kipofu kwa vingine viwili. Watu waliacha viti wakamzunguka. Alivuta pumzi, akafanya ishara ya msalaba, akalisukuma jicho ndani. Liliingia. Liliingia vizuri, bila kulazimishwa, na kwa muda wa Salamu Maria moja mia ile ilikuwa mia, nzima, ikitazama watu. Vigelegele vikapasuka.

Kisha jicho likaanguka.

Lilianguka kwenye ukingo wake na kuanza kukimbia. Lilipita kati ya viatu vya Karangwa, likaruka waya wa kipaza sauti, likashika njia ya ng'ombe. Familia mbili zilizotazamana kwa dharau tangu saa nne zilipiga magoti pamoja. Mama wa Belyse na Immy waligongana vichwa chini ya meza ya keki wakaombana radhi hapohapo chini. Bizumuremyi alitambaa na tai mdomoni. “Musikanyage,” Cansilde alikuwa anasema huku akicheka machozi, “hakuna mutu kukanyaga,” na jicho halikuwangoja, likaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, likainama, likapita chini ya pazia.

Watu arobaini na wengine arobaini wakabaki magotini, wakilitazama pazia.

Pazia likatikisika. Chini yake ukatokea mkono wenye bangili na kucha zilizopakwa rangi. Kati ya vidole kulikuwa na jicho. Mkono ulingoja. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa hakuna aliyejua desturi inasema nini kuhusu mkono. Basi pazia likafunguka lote, na Belyse akatoka, akiwa amevaa, amependeza, hajaitwa na mtu, amejiuma mdomo ili asicheke, akatembea mpaka kwa Cansilde na kupiga goti kama wenzake.

“Mama,” alisema, “imekuja kwangu. Mi naweza kukurudishia, ao hiyo nayo ni kupewa?”

Cansilde aliifikiria sheria yake kwa haki kabisa. “Yako ni kurudisha,” alisema. “Nilishalipa.”

Bizumuremyi alijiinua kwa shida, akapangusa magoti. Alimtazama msichana nje ya pazia, akatazama chakula kinachopoa, akamtazama Karangwa.

“Muzee, mi nilikuwa bado na maneno ya nusu saa,” alisema. “Lakini mutoto amejitoa. Sasa nitakataa nini? Mumupeleke. Na hizo bia zisimame kutembea, zinywewe.”

Cedric alicheka siku hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sauti ya mama yake, mabega na yote. Jumapili Cansilde aliweka mia nzima katika kikapu cha sadaka. Jicho alilifunga pamoja na pete katika leso. Halikubali kukaa, ukilitia linalegea baada ya muda, na yeye hakutaka kusikia habari za gundi. Kipofu anaona akitaka, alisema, akichoka anapumzika.

Wiki mbili baadaye simu ililia pale mezani, mafuta yakichemka. Ni Bizumuremyi.

“Bamwana,” alimsalimu, ndivyo wazazi wa maarusi wanavyoitana. “Iko vizuri? Hapa ku duka leo asubui imeingia hamsini moja. Mbuzi ameitafuna. Mi sisemi kitu, siombwi kitu. Nauliza tu kama ku nyumba yako chumvi imeisha.”

Cansilde alikuwa na chumvi ya mwezi mzima. Alizima jiko, akamwachia Immy meza, na kusimamisha pikipiki ya kwenda Nyamyumba, mfukoni ameweka noti moja kubwa, ya kutosha chenji nyingi.